Kimya cha Mkasi

Nyuma ya karakana ya kushona sare, pale ukuta unapokunja kona na jua la mchana likachoka kuufuata, kuna benchi lililoundwa kwa mlango wa zamani. Tundu la ufunguo bado lipo, na ukikaa vibaya linakufinya. Hapo ndipo kijiwe kilipo. Dirisha la karakana likifunguliwa, vumbi la nyuzi hutoka taratibu na kuelea juu ya vichwa vya watu, jeupe, jepesi, lisilo na haraka ya kutua, na mlio wa vyerehani husikika kwa ndani kama mvua inayonyesha mtaa wa pili. Hata mwenye kesi kesho yake anaweza kusinzia hapo. Wenyeji ni Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na huko aliokota methali nyingi akasahau kuokota maana zake. Kuna Soli, fundi viatu, ambaye mdomo wake huenda mbio kuliko sindano yake. Kuna Mama Birika mwenye kahawa. Na kuna Mkasi, mkata vitambaa wa karakana, ambaye mchana huo alitoka kazini kabla ya wenzake, macho mekundu, akajitupa kwenye benchi bila kusalimia mtu.

— Salamu ni ya Mungu, Hakimu alisema. Hata mshtakiwa husalimia kabla ya kukana.

— Nisamehe, mzee wangu. Kichwa kinanigonga tangu nimeamka. Mama Birika, nipe kahawa, na ya pili usingoje niombe.

— Umefukuzwa? Soli aliuliza, uzi ukiwa katikati ya meno.

— Bado.

Mkasi aliipokea kahawa kwa mikono miwili. Asubuhi ile Madamu, mwenye karakana, alikuwa amechukua shati moja la sare ya shule akalivaa yeye mwenyewe mbele ya mafundi wote. Mkono wa kushoto ulimkaa vizuri. Wa kulia ulimpinda bega kama mtu aliyelala vibaya. Akavaa la pili, hivyohivyo. Mashati ya shule nzima yalikuwa yamekatwa na Mkasi, na kila shati lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

— Ngoja, Soli alisema. Mkono wa shati si mfuko tu unaopitisha mkono? Una kushoto na kulia kama kiatu?

— Una mbele na nyuma, bwana. Unaweka karatasi ya kipimo juu ya kitambaa, unaizungushia chaki. Halafu unaigeuza, unapiga chaki tena. Hapo unapata wa kushoto na wa kulia. Ukishamaliza, kisu cha umeme kinashuka kwenye tabaka zote kwa mpigo mmoja.

— Na wewe?

— Sikuigeuza. Nakumbuka kuishika ile karatasi. Kuiweka sikumbuki.

Mama Birika alipiga ulimi, akamjazia kikombe.

— Sasa Madamu amesemaje?

— Amesema nije ninywe kahawa wakati wanatandika kitambaa kingine. Nikirudi atanitazama machoni. Akiona yamelala, kisu anampa mwingine, mimi nitafagia vipande.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini lilimchoma. Alikuwa amekata nguo tangu ndevu zake zilipoota, na jina la Mkasi hakulipewa kwa ubaya. Watu walisema kitambaa kikimwona kinajinyoosha chenyewe. Fagio mbele ya mafundi aliowafundisha mwenyewe kushika chaki ilikuwa aibu asiyojua pa kuiweka. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Madamu wala mkewe. Majuzi aliposhtuka usingizini, akiwa amesimama pale mezani, kisu kilikuwa kinanguruma, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala palepale kwenye mstari wa chaki, umetulia, ukisubiri kukatwa kama kitambaa. Alikizima, akahesabu vidole vyake. Tangu hapo aliogopa, na bado alisinzia.

— Tuanze na ushahidi, Hakimu alisema, akikunja mguu. Unalala saa ngapi?

— Nalala na kuku.

— Unaamka?

— Na jogoo. Silewi, sitembei usiku, simu naizima. Nalala usiku kucha, mzee, lakini naamka kama niliyekuwa nashusha mizigo. Mdomo umekauka kama nimelamba chaki. Kinachoniamsha ni haja ndogo tu, mara mbili tatu, utadhani mimi ni mjamzito.

— Basi kesi imekwisha, Hakimu alisema. Haba na haba hujaza kibaba. Umelala sana usiku, kibaba kimejaa, sasa usingizi unamwagika mchana. Punguza.

— Apunguze usingizi mtu anayesinzia? Mama Birika alimgeukia. Hakimu, wewe ungekuwa daktari, wanaokohoa ungewapa vumbi. Mwanangu, yako ni mawazo. Unawaza nini?

— Siwezi hata kuwaza, mama. Nikianza wazo, nalisahau kabla sijafika mwisho. Juzi nilimfokea binti yangu kwa kuchelewa kurudi kutoka shule. Akaninyamazia tu. Baadaye ndiyo nikakumbuka nilimwahidi kwenda kumchukua. Alikaa pale getini peke yake mpaka akakata tamaa.

Hakuna aliyemtania kwa hilo. Vumbi la nyuzi lilipita kati yao, Mama Birika akalifukuza kwenye birika kwa kiganja, na Mkasi akahisi kope zake zinashuka polepole kama pazia ambalo mtu amelifungua kamba upande mmoja. Akanywa. Kahawa ilikuwa chungu vizuri, na haikumfanya chochote.

— Mimi naona mbali, Soli alisema, akichoma kisigino cha kiatu cha kike kwa sindano. Godoro lako ulilipata wapi?

— Kwa jamaa mmoja aliyehama.

— Basi. Yule jamaa alihama kabla hajamaliza usingizi wake. Usingizi umebaki mle ndani ya godoro. Wewe ukilala, unamalizia wa kwake. Wa kwako haujalalwa hata siku moja, umekaa tu unakusubiri.

— Lisemwalo lipo, Hakimu alikubali, kama kwamba Soli hakulisema yeye mwenyewe sasa hivi.

— Na kama si godoro, basi kuna mtu anakulalia. Usicheke, Mkasi. Usingizi ni kama maji ya bomba, mtaa mmoja ukivuta sana, wa pili unakauka. Tujiulize: hapa mtaani nani analala vizuri kupita kiasi?

Wote wakatazamana. Mama Birika akajishughulisha na mfuniko wa birika.

— Mama Birika?

— Mimi nimechoka na kazi, nalala usingizi wa halali yangu.

— Tangu lini?

— Tangu... tangu huyu ahamie mtaa huu, lakini hiyo ni sadfa tu.

— Umesikia, mheshimiwa? Soli alimwambia Hakimu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinatuuzia kahawa.

Mkasi alicheka, na kicheko kile kikaanza kumbeba. Sauti zao zilikuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja, kama mafundi wanaozungumza nyuma ya vitambaa vilivyoanikwa. Alijua anatakiwa kurudi ndani na macho makavu, yasiyo na usingizi. Alikaza shingo, akafinya paja lake, akauliza swali ili asikie sauti yake mwenyewe.

— Na shemeji yenu mbona hasinzii? Naye alikuwa analala godoro hilohilo.

— Analala wapi sasa hivi? aliuliza Mama Birika, ambaye habari za vyumba vya watu hazikumpita.

— Amehamia kwa watoto. Anasema nakoroma mpaka glasi zinagongana kabatini.

— Debe tupu haliachi kuvuma, Hakimu alisema kwa huruma.

— Anasema kinachomsaidia ni pale ninaponyamaza. Nakoroma, nakoroma, halafu ghafla kimya. Hapo huwaambia watoto: haya, laleni upesi kabla baba hajaanza tena.

— Mwanamke mwenye akili, Hakimu alisema.

Soli alikuwa hajamaliza. Alikata uzi kwa meno, akakigeuza kiatu mwangani, na macho yake yakawa ya mtu aliyeona kitu nyuma ya ukuta.

— Nimepata. Roho yako ina kazi ya pili. Ukilala tu, inaondoka kwenda kukata nguo huko. Ndiyo maana unaamka hoi. Na huko wanakovaa hizo nguo, watu wote wana mikono miwili ya kushoto. Mashati yale hukukosea, Mkasi. Ulipeleka mzigo wa huku kule, na wa kule ukauleta kwa Madamu.

— Sasa huko wanasalimianaje? aliuliza Mama Birika.

— Wanakumbatiana moja kwa moja. Ni watu wa upendo.

Mkasi aliwaona. Walikuwa wanakuja juu ya meza ndefu ya kukatia, watu wapole wenye mikono miwili ya kushoto, wamebeba kitambaa cheupe kisicho na mwisho. Walimwambia alale katikati ya meza, awe kipimo. Wakaanza kutandika. Tabaka la kwanza lilimwangukia usoni kama pumzi ya mtoto. La pili nalo lilikuwa jepesi. Aliwasikia Hakimu na Soli bado wanabishana, juu kabisa, juu ya nguo zote, akataka kuwaambia kwamba Soli alikuwa amesema kweli.

Hapo benchini, kidevu chake kilikuwa kimeshaanguka kifuani na mkoromo umeanza. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Mkasi mwenyewe hakuwahi kulijua, maana lilifanyika kila mara akiwa hayupo. Kijiwe kile kilikuwa na adabu yake. Mkasi akikoroma, watu waliendelea kupiga soga, sana sana walipandisha sauti. Lakini mkoromo ukikatika, wote walinyamaza. Soli alisimamisha sindano. Mama Birika alifunika vikombe kwa kitambaa visigongane. Hakimu alinyanyua kidole na kunong'ona sheria ya kijiwe: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Waliamini kwamba ndipo usingizi wenyewe unapoingia, ule mtamu ambao mwenzao aliukosa kwake, na walimpenda, kwa hiyo waliulinda. Hakuna mtu aliyelindwa kwa upendo kama Mkasi katika kile kimya chake.

Mkoromo ukapanda, ukakwaruza, ukakatika. Kidole cha Hakimu kikapanda.

Akatokea mwanamke mmoja kwenye kona, mgeni wa mtaa, anachechemea na kiatu kimoja mguuni.

— Samahani, fundi, kile kiatu changu...

— Shh, walisema wote watatu.

Akasimama. Akatazama sindano iliyosimama hewani, kitambaa juu ya vikombe, kidole cha mzee. Halafu akamtazama Mkasi, na hakuacha kumtazama.

Chini ya kitambaa, uzito ulikuwa umebadilika. Waliendelea kutandika, tabaka juu ya tabaka, na wale watu wapole hawakuwa wakisikia kwamba anawaomba waache. Alitaka kuinua mkono. Mikono yote ilikuwa ya kitambaa. Alitaka kuvuta hewa. Hewa ilikuwa upande wa pili wa nguo. Hakuwa hata na hofu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kutoka mbali sana aliisikia sauti ya mwanamke ikiuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

— Huyu anapumua?

Naye Mkasi, huko alikokuwa, akangoja wamjibu. Alitaka kujua.

Kidole cha Hakimu kilibaki juu. Soli alikitazama kifua cha rafiki yake, akakitazama tena. Kisha kiatu kikaanguka chini, na mikono yenye nta na harufu ya ngozi ikamkamata Mkasi mabegani ikamtikisa kama gunia. Alirudi kwa sauti kubwa ya kukwaruza, kama mtu aliyetolewa kisimani, macho wazi, akimeza hewa.

— Ni nini? Madamu ananiita?

— Hakuna anayekuita, Mama Birika alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kunywa maji.

— Huwa hivi siku zote? aliuliza yule mwanamke.

— Akilala tu, Soli alisema. Anakoroma, halafu anatulia.

— Akitulia nyie mnafanya nini?

Hakimu aliushusha mkono wake mapajani, akaufunika kwa ule mwingine.

— Tunapunguza sauti, alisema.

Mwanamke hakuwalaumu. Aliketi ukingoni mwa benchi, akakiokota kiatu chake akakivaa hata kabla hakijaisha kushonwa.

— Na sisi tulikuwa hivyohivyo, alisema. Kwa kaka yangu. Alikuwa akisinzia na tonge mkononi. Tulisema mvivu, tukasema amerogwa, mjomba akasema ni damu nzito. Mpaka siku alipopelekwa hospitali kwa ajili ya presha, daktari akauliza: huyu anakoroma? Tukacheka. Akauliza: halafu ananyamaza? Tukaacha kucheka. Kumbe koo lilikuwa linajifunga akilala, hewa haipiti, mwili unamshtua ili avute, kisha linajifunga tena. Usiku kucha. Yeye asubuhi hajui kitu, anasema nimelala vizuri ila nimechoka.

— Yuko wapi sasa? Mkasi aliuliza. Aliliuliza kwa woga.

— Yupo. Walimlaza hospitali usiku mmoja wakamfunga nyaya, wakampima. Sasa analala na mashine inampulizia hewa, ameivaa usoni kama rubani. Watoto wanamwuliza leo anaruka kwenda wapi.

Mama Birika alicheka kidogo, na wote wakashusha pumzi.

— Kama na wewe ndivyo ulivyo, mimi sijui, mwanamke aliendelea. Mimi si daktari. Lakini nenda. Na ukienda usiseme umechoka tu, watakupa vitamini urudi nyumbani. Sema kichwa cha asubuhi, sema kusahau, sema kusinzia umesimama. Sema na hicho kimya. Hicho hukijui wewe, kwa hiyo uende na mtu anayekijua.

— Tutakwenda naye sote, Hakimu alisema. Umoja ni... Akatafuta, midomo ikatembea, lakini methali haikutoka.

Mkasi aliutazama mkono wake wa kushoto juu ya goti. Vumbi jeupe lilikuwa limetua kwenye vinyweleo vyake, na vidole vyote vilikuwepo. Ndani ya dirisha mlio wa vyerehani ulipungua, sauti ya Madamu ikasikika ikisema kitambaa kimeshatandikwa, mkata yuko wapi.

— Soli, alisema. Ingia ndani badala yangu. Mwambie Madamu kisu ampe mwenzangu.

— We, una wazimu? Macho yako sasa ni makavu. Simama, ukamwonyeshe.

— Yatakuwa makavu mpaka nifike mezani tu. Mwambie mimi nimesema. Mwambie nitashika fagio mpaka nitoke kwa daktari, na asinipe kisu hata nikimwomba.

Ilimuuma kusema hivyo, lakini alipomaliza, kifua kilimlegea. Soli alisimama, akajipangusa mikono kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaenda.

Yule mwanamke alikuwa bado ameketi. Alikuwa anafikiri jambo, na alipolisema hakulisema kwa nia ya kumtisha mtu.

— Hapa mchana mko wengi, mnamwona. Usiku nani anamsikia?

— Mkewe amehamia kwa watoto, Mama Birika alisema.

Hakimu alimtazama Mkasi, Mkasi akamtazama Hakimu, mzee mwenye neno kwa kila jambo chini ya jua. Vumbi la nyuzi likaendelea kushuka juu yao wote, juu ya birika, juu ya miguu ya mgeni, bila sauti.

Mkasi alitoa simu mfukoni. Akakosea namba, akapiga tena.

— Mama watoto. Hapana, niko salama. Sikiliza, leo usilale huko kwa watoto. Rudi chumbani... Najua nakoroma. Acha nikorome. Nikikoroma, wewe lala. Lakini ukisikia nimenyamaza, mke wangu, usiwaambie watoto walale. Niamshe.